Mama Aliyemezwa na Ziwa

Juzi nilipita mahali wameanika pareto kwenye magunia, na ile harufu kali ya maua yanayokauka ikanishika puani hadi nikasimama. Haki ya Mungu, nilimsikia Gogo akiniambia nigeuze yale ya chini kabla hayajaoza. Gogo ni nyanya yetu, mzaa mama. Mimi na mdogo wangu Chebet tulikaa kwake Keringet tangu mama aende Naivasha, kule kwenye ziwa kubwa, kufanya kazi katika mashamba ya maua. Alisema anaenda muhula mmoja tu. Ukapita wa pili, ukapita wa tatu.

Mimi sijui kutulia, hata leo. Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na miwili, na miguu yangu iliniwasha kila mara nikiambiwa niketi.

Gogo alikuwa na hadithi moja tuliyoipenda na kuichukia. Mama fulani anaenda kuteka maji, na ziwa, kumbe ni zimwi, linammeza na mtungi wake. Binti zake wawili wanamlilia, wanakua, mkubwa anaolewa kwa ng'ombe wengi. Basi, imeisha, nendeni mkanawe mikono.

"Na mama?" Chebet alikuwa akiuliza kila jioni.

"Mama yuko ziwani," Gogo alijibu, akisonga ugali kama umemkosea.

Ilinikera sana. Hadithi gani hiyo ya kuacha mtu ndani ya maji? Nikachukua daftari la hesabu, nikaligeuza nyuma mbele, nikaanza kuandika sehemu ya pili. Dada wale wawili waliondoka alfajiri, mkubwa na mkuki wa radi, mdogo na kibuyu cha mursik, kwa sababu zimwi likinywa maziwa yetu yaliyolala hutapika kila kilichomo. Niliandika darasani, nikaandika chooni. Ziwa likatapika kondoo, likatapika mtungi, mwishowe likamtapika mama, nguo zake zikiwa kavu kabisa.

Kosa langu ni kwamba sikungoja jioni. Kwetu hadithi haisimuliwi mchana. Gogo alisema za mchana hupoteza ng'ombe. Nami kwa ujanja wangu nikaona hiyo ni sheria ya mdomo, ya daftari ni kusoma tu. Jumamosi asubuhi, tukichunga, nikamsomea Chebet yote, jicho moja likiwa kwa ng'ombe. Wote wanne walikuwepo. Chebet hakuuliza swali hata moja, na hilo lingenishtua kama ningekuwa na akili.

Saa saba mchana Chebet hakuonekana, na kwenye msumari jikoni kibuyu kimoja hakikuwepo. Wee! Gogo alitoka bila viatu akimwita kwa majina yake yote. Mimi nilijua alikokwenda. Nilikimbia kuelekea barabara kubwa nikilia kwa sauti, nikimwahidi Mungu kwamba nitalichoma lile daftari.

Nilimkuta njia panda, ameketi juu ya gunia la viazi kando ya mama mmoja aliyengoja lori.

"Ni wako huyu?" yule mama akaniuliza. "Nimetaka kumrudisha kwao, amekataa katakata. Ati anangoja mtu."

Chebet alinikazia macho, kibuyu mapajani. "Umechelewa," akasema. "Si uliandika walienda wawili?"

Nilimbeba mgongoni mpaka nyumbani, ingawa alikuwa mkubwa mno kubebwa na alininung'unikia njia nzima.

Gogo hakutuchapa. Aliketi chini mlangoni, akaniambia nimsomee, mchana ule ule, jua likiwaka. Nilipofika mahali mama anatoka majini, akajifunika uso kwa kitambaa.

"Rudia hapo," akasema.

Mama alirudi mwaka uliofuata, amekonda, na yaliyompata ni yake kusimulia. Kwa muda mrefu nilimcheka Gogo kwamba ni msimulizi mvivu asiyejua kumaliza hadithi. Nilikuwa mtu mzima aliponiambia kwamba miezi ile simu ya mama ilikuwa imezimwa, na kwamba aliipiga kila asubuhi akiwa zizini, tusimwone. Mwisho mtamu angeweza kuutunga hata akiwa usingizini. Lakini hakujua kama mama yetu yu hai, na hakutaka kutudanganya.