Mtunzi Aliyeombewa Kama Marehemu

Kwa miaka tisa nilikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa letu Kiseke, na malipo yangu yalikuwa soda baada ya mazoezi. Krismasi niliongezewa maharage, na mwaka mmoja nikapewa jogoo. Sikulalamika. Riziki yangu ilitoka kwenye duka la vifaa vya umeme, nilikouza swichi na nyaya. Nyimbo nilizitungia hapo hapo kaunta, nikiandika nota kwenye vipande vya maboksi ya balbu. Aliyetaka wimbo wangu aliupiga picha kwa simu, akaondoka nao.

Mwaka juzi nilipanda meli kwenda Nansio kumwona dada yangu aliyekuwa amejifungua. Humo nikakuta wanakwaya kama ishirini wakifanya mazoezi. Wimbo wao wa pili ulikuwa wangu. Nilifurahi mno, ila alto walikuwa wameuharibu: mahali nilipoandika fa, wao waliimba mi, na besi nao walichelewa kuingia. Ubeti wa kwanza niliuvumilia. Wa pili ukanishinda. Nikamwendea kiongozi wao, mama mmoja mtu mzima mwenye miwani, nikampa shikamoo yake, kisha nikamwambia kwa adabu kwamba pale alto inapanda.

Akaniuliza nimejuaje. Nikamjibu kwamba wimbo huo nimeutunga mimi.

Alinitazama kwa huruma. "Baba, mtunzi wa wimbo huu ni marehemu," akasema. "Sisi huwa tunamwombea kila Novemba, mwezi wa kuwaombea wafu."

Kumbe karatasi yao ilikuwa imetolewa nakala mara nyingi mpaka jina langu likafutika. Mtu mmoja akasema mtunzi ameshafariki, na wengine wakaamini. Sikuwa na ushahidi wowote isipokuwa ubeti wa nne, ambao sikuwahi kumpa mtu. Nikauimba, na walipousikia ukiungana sawasawa na beti tatu walizokuwa nazo, wakaniamini. Kisha nikawapanga alto upya, nikawahesabia besi, na kabla hatujafika Nansio wimbo ulikuwa umekaa sawa. Yule mama alikuwa anacheka huku anafuta machozi. Akaniomba nibaki nao wiki nzima, maana walikuwa na mashindano.

"Mwalimu, unatoza shilingi ngapi?" akauliza.

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilitaka kusema nauli tu inatosha, lakini nikampigia mke wangu, fundi cherehani asiyeshona hata kifungo kabla ya kupatana bei. Akataka kuongea na yule mama. Nikasimama kando, nikitazama maji kwa aibu. Niliporudishiwa simu, walikuwa wameshakubaliana malipo ya wiki, chakula na mahali pa kulala, na kwamba wimbo mpya unalipiwa peke yake. Malipo hayo yalizidi mshahara wangu wa mwezi dukani.

Kwenye mashindano walishika nafasi ya pili. Baada ya hapo zikaanza kupiga simu kwaya nyingine, moja ya Bujora, nyingine ya Musoma, na zote huzungumza na mke wangu kwanza. Dukani sasa naenda siku tatu kwa wiki. Mke wangu anasema niache kabisa. Mimi bado naiogopa Januari, maana mwezi huo waimbaji wote wamechoka na Krismasi, na simu hailii.