Kipanya cha midomo cha fundi Merlinda

Saa mbili asubuhi soko la La Paz, hapa Iloilo, limeshachangamka, na harufu ya supu ya batchoy inaingia mpaka ndani ya kibanda cha Merlinda Sumagaysay. Mwenyewe hana habari nayo. Ameipindua kibodi na kuitikisa, na makombo ya biskuti yanamwagika mezani.

"We binti, hii kibodi au kabati la vyakula?" anamuuliza mwenye nayo, mwanafunzi wa chuo, ambaye anacheka huku ameziba uso.

Merlinda (47) anatengeneza vile tu ambavyo mtu huvishika, huvitazama au huvisikiliza: kibodi, vipanya, printa, skrini, spika. Ya ndani ya kompyuta anawaachia wengine. Siku nzuri hupata peso mia sita. Siku ya mvua huambulia nauli tu.

"Kompyuta haijui kitu mpaka uiambie," anasema. "Ukibonyeza herufi, chini yake vipande viwili vinagusana, habari inakwenda. Kipanya kinamulika meza kijue kimesogea wapi. Skrini na spika ndivyo vinavyokujibu. Pasipo pa kuingizia neno, hata ikiwa nzima kabisa, utakaa unaitazama tu."

Mwaka jana jirani yake, Nay Pura (hapa Nay ni mama, Tay ni baba), alimjia akilia. Mumewe, Tay Crispulo Catalbas, kinyozi aliyesifika kwa domo kuliko mkasi, alikuwa amepigwa na kiharusi. Mikono haikusogea, sauti haikutoka. Mtoto wao Arnel alikuwa anakuja Jumapili kumchukua aende kuishi kwake Manila, na nyumba iuzwe.

"Arnel anasema baba yake hajitambui," Nay Pura alimwambia. "Anajitambua! Ila hana pa kusemea. Nifanyie kitu, Inday, binti yangu, nakuomba."

Merlinda alianza na mguu wa kushoto wa mzee, uliobakiwa na uhai kidogo. Akafunga kipanya kwenye kandambili. Jamani, ilikuwa kichekesho na msiba kwa pamoja! Mguu ulitetemeka, mshale ukarukaruka skrini nzima kama nzi ndani ya chupa, na mzee akatokwa na machozi. Ijumaa Merlinda akaanza kukusanya nyaya zake aondoke.

"Nilikuwa nimeshindwa, na iliniuma sana," anasema. "Nikamuuliza Nay Pura bisibisi yangu iko wapi. Hajui. Mzee ndiye akanionyesha."

Alionyesha kwa midomo, jinsi kila mtu wa hapa anavyoonyesha njia, duka, au mtu anayesengenywa. Aliichongoa kuelekea dirishani, na bisibisi ilikuwa palepale. Nay Pura hakuona ajabu yoyote. Mumewe alikuwa akimwonyesha hivyo chumvi na feni tangu atoke hospitali.

"Nilipiga kelele!" anasema Merlinda. "Wiki nzima tunahangaika na mguu, na midomo tunaiona!"

Alasiri hiyohiyo akafungua kompyuta mpakato ya zamani na kutoa kile kitufe cha mpira kinachokaa katikati ya herufi. Kitufe hicho hakisogei. Kinahisi tu kinasukumwa upande gani, na mshale unafuata. Akakilehemea nyaya, akakifunga kwenye chuma chembamba mbele ya midomo ya mzee. Herufi zote zikapangwa kwenye skrini. Mshale ukitulia juu ya herufi, inaandikwa. Sentensi ikiisha, spika inaisoma.

Jumapili Arnel akafika. Aliushika mkono wa baba yake akaugusisha kwenye paji la uso wake mwenyewe, kwa heshima zote, kisha akamgeukia mama yake na kuongea kana kwamba mzee hayupo.

"Nay, achana na hivi vitu vya kuchezea. Tay haelewi. Kule kwangu atahudumiwa vizuri."

Midomo ya mzee ilikuwa kazini. Arnel alikuwa bado anaeleza bei ya nyumba spika ilipomkatiza, kwa sauti kavu isiyo na adabu:

"Arnel. Niulize mimi."

Mwanamume mzima akakaa sakafuni na kulia. Kisha akauliza, "Tay, unataka nini?"

"Hapa," spika ikasema. Baada ya kitambo ikaongeza: "Nani kakunyoa vibaya hivyo?"

Nyumba haikuuzwa. Merlinda sasa anaulizia kompyuta mbovu za aina ile kila mahali, na mezani ana kitufe cha pili, cha mama mmoja wa Jaro ambaye hajasema neno tangu Februari. Anatamani kupata chumba kikubwa, wagonjwa waje wajaribu mpaka ijulikane ni kiungo gani cha mwili kinaweza kusema.

"Watu wanafikiri mgonjwa anataka kusema asante tu," anasema. "Muulize Nay Pura! Tangu asubuhi anagombezwa, ati wali umeungua. Anakuja hapa kunilalamikia, na furaha inamjaa mpaka anaona haya. Huyu mama wa Jaro naye nataka agombane na watu wake."