Kadi ya Sauti Niliyoiacha Isansa

Hili halikumtokea rafiki wa rafiki yangu. Limenitokea mimi, mchana kweupe, hapa hapa Tunduma, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe. Ukitaka kubisha, bisha ukimaliza kusikiliza.

Nina kibanda cha kuwawekea nyimbo madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka. Wao wanataka flashi ijae tu, kwa hiyo nyimbo nazibana, faili ziwe ndogo hata sauti ikipungua, ili ziingie nyingi. Lakini mwenyewe ni mgonjwa wa sauti safi. Siku hiyo nilikuwa nimepata kadi ya sauti ya nje, ile ya kuchomeka, na furaha yangu usipime! Nikaingia kwenye mipangilio ya kompyuta, nikaiweka biti 24 ili isipoteze hata chembe ya sauti, kisha nikaipanga pleya, ile programu ya kuchezea nyimbo, ipeleke sauti moja kwa moja kwenye kadi, kompyuta isiiguse njiani. Nikafungua kwaya ya Isansa, niliyoirekodi mwenyewe kanisani kwao. Jamani! Nilisikia hadi watu wakivuta pumzi kabla ya kuimba. Nikapiga kelele peke yangu.

"Kaka, toa hiyo besi. Umenifunika."

Nikageuka. Dada mmoja alikuwa amesimama mlangoni, amevaa sare ya kwaya ya kitenge cha kijani.

"Nimekufunika vipi?"

"Nimo humo. Alto, safu ya pili."

Nikacheka, maana safu ya pili naikumbuka. Ilikuwa na pengo la mtu mmoja, na nilipowaomba wasogeleane walikataa katakata. Walisema hapo ni pa Eliza, alto wao waliyemzika, hapakai mtu mpaka mwaka uishe. Hata hivyo nikazima besi kwenye spika. Niamini, sauti ya kike ikachomoza pale pale penye pengo, nzito, yenye mkwaruzo kidogo. Mwili ulinisisimka, ila sikukimbia. Nani angeikimbia sauti nzuri namna ile?

"Mpelekee mama," akasema. "Ameanza kuisahau sauti yangu, na inamuumiza sana."

Nikageuka kusimamisha wimbo. Niliporudisha macho, mlangoni hapakuwa na mtu, na muuza mahindi wa nje aliapa hakuona yeyote akiingia wala kutoka.

Kesho yake nikaenda Isansa kupitia Mlowo, wimbo nimeubana kwenye simu kama ninavyowafanyia madereva. Nikaulizia kwa Mama Eliza, nikaonyeshwa nyumba. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akanirudishia simu.

"Mwanangu, hayumo."

Nikasikiliza mwenyewe. Kweli hayumo! Nikarudi Tunduma mbio, nikabeba kompyuta, kadi na spika, nikampangia kila kitu palepale sebuleni kwake. Safari hii, sauti ilipotoka, mama alikaa chini sakafuni.

"Ndiye," akasema. "Ee, ndivyo alivyokuwa." Kisha akaanza kuimba naye, analia huku anacheka, na mimi nikalia pia, sioni haya kusema.

Ningemnyang'anya vipi? Nikaviacha vyote.

Sasa nina kompyuta nyingine, kadi na spika za aina ileile, na nakala ya faili lilelile. Nimepanga vilevile, besi nimezima. Naisikia kwaya nzima, na katikati yake pengo. Eliza kwangu hayupo tena.

Kwa hiyo wewe unayerekodi watu, nakuonya: usifute faili la mwanzo, lile ambalo hujalibana, eti linajaza nafasi. Huenda humo kuna mtu anasubiri kupelekwa nyumbani.