Koo la Mashetani Wote

Mtafsiri wa banda la filamu alikuwa na koo moja lenye wapangaji wengi. Kwa miaka yote ya ile katuni ndefu ya Kijapani ya wawindaji wa mizimu, binti alimsemea kwa kubana pua, na shetani mkuu kwa kunguruma ndani ya kikombe cha bati. Daktari alipomwonya anyamaze la sivyo sauti itakwenda na maji, alimjibu, "Nikinyamaza, daktari, shetani atasemewa na nani? Na wewe?"

Siku ya filamu iliyotolewa kutokana na katuni hiyo banda lilifurika pomoni. Taa zikazimwa, binti akatokea kwenye kioo. Mtafsiri akabana pua, akafungua kinywa, ikatoka hewa tupu kama tairi lenye pancha. Akajaribu tena. Hewa. Basi akaongeza sauti ya mashine, Wajapani wakajisemea wenyewe Kijapani chao, naye akainama kungoja matusi.

"Mwacheni mzee apumzike," mteja mmoja akasema kwa upole. "Hadithi si tunaijua? Halafu kumbe hivi ni tamu zaidi."

Wenzake wakaitikia, wakatulia. Mlangoni, mke wa mtafsiri aliendelea kukata tiketi. Filamu ikaisha, taa zikawashwa, mtafsiri bado amebana pua.