Kwa Mhunzi, Kwa Naomi

Nakumbuka alasiri moja huko Kenmore, kaskazini mwa Buffalo, theluji imeanza kuyeyuka na kuacha matope kando ya barabara, nilipokemewa na mzee wa Kijerumani niliyekuwa nikimmenyea viazi. Mwanangu, utakaposoma haya labda utacheka kwamba mama yako, ambaye hata mvi hana, ameketi kutoa nasaha kama wazee wa kanisani. Cheka tu. Mimi mwenyewe siwaamini sana watu wanaotoa nasaha. Lakini hili nililiona kwa macho yangu, na wewe umezaliwa baada yake, kwa hiyo nisipokuambia mimi hakuna atakayekuambia.

Wakati huo nilikuwa chuo kikuu. Asubuhi nilisoma, na mchana nilifanya kazi ya kutunza wazee majumbani mwao, kama walivyofanya akina mama wengi wa kanisa letu. Nilikuwa mtu wa kuuliza. Nilimwuliza mchungaji amejuaje, nikamwuliza na profesa amejuaje. Nilimwuliza baba kwa nini sisi tuliotoka milima ya Kivu Kusini tunaendelea kusema "kwetu" wakati huko hakuna hata paa moja lililobaki. Baba alinijibu kwa kuongeza sauti ya televisheni.

Mzee niliyemtunza aliitwa Gerhard. Alikuja Amerika akiwa kijana, akafanya kazi kiwandani hadi akastaafu, kisha mke akafa na magoti yakamwishia. Nikiwa jikoni, yeye alikaa mezani akinieleza kijiji chake. Ni kidogo sana, alisema, kimejibana bondeni, na barabara yake ni moja tu, nayo inafuata kijito kwa sababu hapakuwa na pengine pa kupita. Upande wa juu kuna kanisa ambalo kengele yake ilichukuliwa wakati wa vita ikayeyushwa. Upande wa chini palikuwa na kinu cha maji cha kusagia ngano. Mteremko unaotazama kusini wameupanda matufaha. Ule wa pili haupati jua msimu wa baridi, kwa hiyo waliuachia msitu. Zamani watu na ng'ombe walilala chini ya paa moja, ukuta tu katikati, na joto la ng'ombe lilipita ukutani likawafikia watu. Hapo nilimpenda kidogo, maana sisi nasi ni watu wa ng'ombe.

Nilikitafuta kijiji hicho kwenye ramani ya simu. Kilikuwepo. Kijito kilikuwepo, na kanisa lilikuwa upande uleule aliousema. Sitakuficha, nilivunjika moyo kidogo, kwa sababu nilitaka kumkuta amekosea.

Nyumbani kwetu nako siku hizo mambo hayakuwa mazuri. Baba alikuwa amepata kazi katika ghala huko Louisville, upande wa South End, ambako jamaa zetu wengi walikuwa wamekwisha kuhamia. Mama alifurahi. Wadogo zangu walifurahi, tena kwa Kiingereza. Mimi ningebaki chuoni. Aliyekataa ni koko. Ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, mama yake baba. Kwetu ukisema "bibi" watu wanadhani unamtaja mke wa mtu. Jina lake lilikuwa Naomi.

"Miye sihame tena," alisema. "Nilitoka mulimani, nikatoka mu kambi. Bon, hapa sitoke. Mukwende."

"Mama, utabaki na nani?" baba akamwuliza.

"Na Mungu. Na Mama Jeanine wa hapo juu."

"Na nani atakupikia?"

"Sasa ni nani ananipikiaka? Si ni miye napikiaka nyumba yote?"

Baba akatuvuta pembeni. Akatuambia kwamba mama yake asipokwenda, yeye naye haendi, na kazi ile wampe mwingine. Alisema kwa upole, lakini nilimwona mama akigeukia dirisha. Kwa miaka mingi baba alikuwa akifanya kazi ya usiku katika kiwanda cha kuku, na vidole vyake vilikuwa havikunjiki asubuhi. Kazi ya Louisville ilikuwa ya mchana, mahali pakavu.

Basi nikaingia mimi na elimu yangu. Nilimwambia koko kwamba Buffalo si kwao, hakuzaliwa hapo wala hana kaburi hapo. Nikamweleza kwamba mtu aliyefukuzwa mara nyingi hushikilia popote alipo, na kwamba hiyo ni hofu tu. Nikamtajia ukungu wa bafuni, ngazi zenye barafu, baridi inayomuumiza mgongo. Nikamwambia mahali ni mahali tu. Kila hoja yangu ilikuwa ya kweli, mwanangu, na niliitoa vizuri.

Koko akanitazama. "Unajua kusema, mutoto wangu," akasema, akaingia chumbani akafunga mlango. Siku ile hakupika. Kesho yake pia hakupika.

Ndipo ilipokuja alasiri ile ya viazi. Katika masimulizi yake Bwana Gerhard alikuwa amefika kwenye nyumba aliyokulia, akasema iliitwa kwa Mhunzi.

"Kumbe baba yako alikuwa mhunzi," nikasema.

"Hapana. Baba alifia vitani. Na sisi hatukuwa wa kijiji kile. Vita vilipoisha tulifukuzwa kwetu, huko mashariki, tukaja na mkokoteni, mimi na mama. Mkuu wa kijiji akatupa chumba kwa mjane mmoja."

"Basi mume wa mjane ndiye aliyekuwa mhunzi."

"Alikuwa mfuga nyuki. Mhunzi alikufa zamani sana, hata mjane mwenyewe hakumjua. Lakini nyumba ni kwa Mhunzi, na kila anayelala humo ni mtu wa kwa Mhunzi. Kule nyumba ndiyo inayompa mtu jina. Jina la ukoo ni la karatasi za serikali."

Nikacheka. "Kijiji kizima mnadanganyana."

"Tunadanganyana nini?"

"Nyumba ya mhunzi isiyo na mhunzi."

"Ukiwa mgeni ukauliza njia, ukaambiwa nenda kwa Mhunzi, utafika au hutafika?"

"Nitafika."

"Sasa uongo uko wapi, binti?"

Nikaendelea kumenya. Yeye akaendelea. Kwa muda mrefu, alisema, kijijini waliwaita wakimbizi. Kanisani walikuwa wakimbizi, dukani wakimbizi, na shuleni alikuwa yule mtoto wa wakimbizi. Halafu siku moja alikuwa amebeba maziwa kupandisha barabara, na mwanamke mmoja dirishani akampigia kelele mwenzake: "Mwulize Gerhard wa kwa Mhunzi!" Hakuwa akimsifu. Alikuwa akitafuta mbuzi aliyepotea. Lakini Gerhard alisimama pale barabarani na maziwa yake, hakuweza hata kujibu kama amemwona mbuzi.

"Baadaye mama akataka tuhamie mjini," alisema. "Alikuwa na sababu nzuri. Zote za kweli. Nilimchukia kwa kila moja."

Hapo nikaona nimepata pa kuingilia. Nikamsimulia habari za koko, na jinsi nilivyomjibu hoja kwa hoja hadi akakosa neno. Nilidhani atanisifu. Akaweka kikombe chini.

"Ulimwuliza nyumba yake inaitwaje?"

"Haina jina. Ina namba."

"Sikukuuliza habari za posta." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Wewe unauliza kila mtu kila kitu. Mimi umeniuliza mpaka kinu kilikaa upande gani wa kijito. Nyanya yako umemwuliza nini?"

Nilitafuta. Nilitafuta kweli, mwanangu, kisu mkononi, na sikupata swali hata moja.

"Umemjibu tu," akasema. "Mtu ambaye hujamwuliza, unamjibu nini?" Kisha, kana kwamba hilo halikutosha: "Na viazi unavimenya vibaya. Nusu nzima inakwenda na maganda."

Nilipanda basi kurudi mjini nikiwa nimekasirika. Nilitafuta kasoro katika maneno yake kituo baada ya kituo, na zilikuwepo, lakini hazikunisaidia. Nilipofika nikagonga mlango wa koko, nikakaa chini kando ya kitanda chake.

"Koko, watu wanaitaje nyumba yetu?"

Akanikazia macho. "Ni nani amekutuma?"

"Yule Muzungu wa Kenmore."

Akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile. Halafu akanieleza, na alieleza taratibu. Mlimani, kijiji chetu kilikuwa na jina la baba mkwe wake. Watu walipohama kutafuta majani ya ng'ombe, jina lilihama nao, na pale walipojenga tena ndipo palipoitwa vile. Kule hatukusema kijiji kiko wapi, tulisema kiko kwa nani. Kambini nyumba zao zikapewa herufi na namba tu.

"Na hapa?" nikamwuliza.

"Hapa batoto ba Burundi, banatoka ku masomo, banasemaka: 'Twende kwa Naomi.' Sababu najua kukaanga mandazi. Mama Jeanine akielekeza bageni, anasema: 'Iko juu ya kwa Naomi.' Pasteri naye, kwa Naomi." Akanyoosha kitambaa kichwani. "Debora, miye nilikaa kwa baba, nikakaa kwa bwana. Hapa ni kwa miye. Sasa kule Louisville ni kwa nani? Ni kwa baba yako. Miye nitakuwa mama ya mwenye nyumba. Bataniweka mu pembeni na televizyo."

Sikumjibu. Nilikuwa nimeanza kujifunza.

Nilimweleza baba. Mkono wake ulikuwa karibu na rimoti, lakini hakuigusa. Akachukua simu akampigia mzee wa kanisa huko Louisville, akaweka sauti kubwa ili isikike hadi jikoni.

"Kaka, tukifika, ibada ya nyumbani mutangaze itakuwa kwa Naomi."

"Naomi gani?" sauti ikauliza.

"Naomi mama yangu. Nyumba ni yake. Miye nakaa kwake."

"Ah bon? Sasa nikwambie mapema, batu ni bengi huku. Iko na viti?"

Koko akatokea mlangoni, mwiko mkononi. "Mwambie viti batakuja nabyo," akasema. "Na ni siku gani hiyo ibada? Sufuria zangu bado hazijafungwa."

Unaweza kusema baba alicheza mbinu tu. Mimi nilisema hivyo, kwa sababu siachi. Lakini nilipokwenda Louisville likizo ya kwanza, nilikuta watu wamejaa hadi kwenye ngazi za mbele, na koko katikati akimkaripia mzee wa kanisa kwa kukalia kiti chenye mguu mbovu. Nilipomweleza Bwana Gerhard, alitaka kujua barabara ya kule inapita upande gani wa mto. Alifariki kabla theluji haijarudi. Miaka kadhaa baadaye koko naye akafariki, katika nyumba ile ya South End, na wazazi wangu wakahamia nyumba nyingine. Mimi nilikuwa nimekwisha kuja huku Columbus na baba yako, na wewe ukazaliwa hapa Westerville.

Kiangazi kilichopita tulikwenda Louisville kuwaona wazazi wangu. Nikapita dukani kwa Mkongomani mmoja kununua ndagala, dagaa wa kwetu, wewe ukiwa umelala mgongoni. Mbele yangu alikuwa mama wa Kirundi na mtoto wake. Mwenye duka akamwambia kijana wake wa kazi, "Mubebee huyu mama mufuko wake. Ni wa kwa Naomi."

Nikamgeukia yule mama. "Samahani, dada. Naomi ni nani?"

Akainua mabega. "Sijui kwa kweli. Tulipohamia tuliikuta nyumba inaitwa hivyo. Hata mtoto wangu shuleni wenzake wanamwita hivyo, wa kwa Naomi."

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nilishika ndagala wangu, nikamwambia, "Ni jina zuri," nikatoka nje nikasimama juani mpaka ukaamka.

Basi mwanangu, sitakukataza kuuliza. Ungenirithi nini tena? Mwulize mchungaji, mwulize mwalimu, niulize na mimi. Ila ukimkuta mtu anayekataa jambo lenye sababu zote nzuri, usimwongezee sababu. Mwulize ni kitu gani anaogopa kukiacha, kisha ufunge mdomo mpaka amalize. Na anayekuja kukaa kando yako kutoka mbali, mwite kwa jina la nyumba yake mapema. Usimngojeshe kama walivyomngojesha Gerhard.

Mungu, ambaye bado nina maswali yangu naye, akupe mahali ambapo watu watasema "twende kwa" na wamalizie kwa jina lako. Na watakaolala humo baada yako, hata wasipokujua, waelekezwe njia kwa jina hilo na wafike.