Kengele Ilipofungwa Tatu Bila

Enzi zetu matokeo ya mpira hayakutazamwa, yalisikilizwa. Wenzangu mliokulia Voi miaka ile mtanielewa. Redio nyumbani ilikuwa moja, ya baba, imezungushiwa tyubu ya baiskeli ili betri zisidondoke. Jumamosi magharibi, mama akishapakua kimanga, ule mseto wetu wa mihogo na maharage, baba aliiweka dirishani, akaielekeza eriali upande wa milima, kisha akasema, "Nyamazeni, wanasoma." Aliyekohoa aliosha sufuria zote usiku ule, na kimanga kikishagandia kwenye sufuria, mnajua wenyewe.

Waliokuwa wakisoma ni Waingereza. Mtu mmoja mwenye sauti kavu alisoma matokeo ya ligi zote za kwao, kuanzia ile kubwa mpaka zile za chini ambazo nadhani hata wao wenyewe hawakuzijali. Sisi tulizijali. Baba alikuwa amenunua jezi ya mitumba sokoni, njano iliyopauka, ina kengele kifuani na jina la mji fulani chini yake. Hakujua ni ya nani. Aliivaa kwenda kazini kwenye shamba la mkonge, mpaka jioni moja akalisikia jina lile redioni, huko daraja la nne, akatoka mbio kumwita mama kana kwamba aliyetajwa ni yeye. Tangu siku hiyo nyumba nzima tukawa mashabiki wa Kengele. Jina lenyewe la Kiingereza sitaliandika hapa. Nikiliandika hamtalijua, na mkilijua mtanicheka.

Shuleni nilichekwa vya kutosha. Tulipocheza mpira wa makaratasi na kamba za mkonge kila mtoto alikuwa nyota wa timu kubwa, mimi peke yangu nilikuwa mchezaji nisiyemjua jina wala sura. Nilimwambia baba nataka kuhama. Akaniangalia kama niliyeiba. "Ukishavaa jezi yake, ni yako," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Aliyegundua siri ya yule msomaji ni dada yangu Mghoi, aliyenizidi miaka miwili na akili nyingi. Mzee yule alitaja timu ya kwanza na mabao yake, kisha akaitaja ya pili, na kabla hajafika kwenye mabao sauti ilikuwa imeshasema yote. Ikipanda, timu ya pili imeshinda. Ikishuka, imeshindwa. Ikibaki palepale, sare. Kwa kuwa kuongea kulikatazwa, Mghoi alinifinya paja: finyo moja tumeshinda, mawili tumefungwa. Aliyekisia sawa alilala na jezi. Kwa miaka yote ile mimi nililala nayo labda mara tatu.

Vijana wa leo nikiwasimulia haya wananihurumia. Wao wanatazama mechi tano kwa wakati mmoja kwenye kioo cha kiganjani, wanabeti mpaka kona za timu za Ulaya Mashariki, na timu yao ikifungwa mara mbili wanahamia nyingine bila hata kuaga. Sina ugomvi nao. Ila hakuna hata mmoja wao anayeweza kukaa kimya dakika kumi kusikiliza sauti ya mtu.

Kisha ikaja miaka ya mawakala. Mnaikumbuka, miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu. Shamba la mkonge lilikuwa limepunguza watu, na wasichana wa Voi walikuwa wanaondoka kwenda Saudia kama wanaokwenda kambi ya kanisa, na sanduku jipya na picha za uwanja wa ndege. Mghoi akaondoka. Baba hakumzuia, alimwambia tu, "Miaka miwili ni miwili, Mghoi. Usiongeze." Baada ya miezi minane nami nikafuata, nikawa dereva wa familia moja Riyadh. Yeye alikuwa mji huohuo, upande wa kaskazini, akifanya kazi za ndani, na kwa miezi yote niliyokaa kule nilimwona kwa macho mara mbili.

Lakini Jumamosi ilikuwa yetu. Bosi wangu alikuwa mtu wa haki, aliniachia jioni hiyo, nami nilikwenda mtaa wa Shumaisi kwenye chumba cha Wafula, askari wa getini kutoka Bungoma. Nilifuata mechi ya Kengele kwenye simu, kwa maandishi, dakika kwa dakika. Wafula alikuwa shabiki wa timu kubwa na alinidharau waziwazi. "Buda, hii team yako iko ligi gani? Ya kina mama wa kanisa?" Mechi ikiisha nilimpigia Mghoi akiwa jikoni, nikamsomea matokeo kwa sauti ya yule mzee wa redioni, naye akakisia kabla sijataja mabao. Hakukosea hata mara moja. Tulikuwa watu wazima, na tulicheka mpaka madam wake akamwita.

Sasa nifike kwenye mwezi wenyewe, mwezi wa nne. Kengele walikuwa wamebakiza mechi nne na walikuwa wanakaribia kushuka daraja. Mghoi naye alikuwa amebakiza wiki nne amalize miaka yake miwili. Na baba alikuwa amepigwa na kiharusi. Mama alituambia kwamba maneno yamemwishia, anaita Mghoi tu, kutwa nzima. Kwa hiyo hesabu zetu zote zilikuwa hizo: Mghoi apande ndege mwisho wa mwezi, amkute baba hai.

Jumamosi ya kwanza Kengele walishinda moja bila, bao la kijana aliyeletwa kwa mkopo kutoka timu kubwa. Nilipomsomea Mghoi alipiga kigelegele kidogo, kisha akasema, "Hata mimi naenda kwa mkopo, kaka. Madam ananipeleka Jeddah kwa mamake. Ati one month tu, halafu anipatie exit ya kurudi nyumbani."

Nilicheka. Naomba mniamini, nilicheka, maana lilikuwa neno zuri. Nikamuuliza kuhusu pasipoti na ikama, kile kibali cha kukaa, akasema madam amebaki navyo Riyadh kwa sababu yeye ndiye kafili wake, aliyemwajiri kisheria. Nikamwambia asijali, mchezaji wa mkopo hurudi kwao msimu ukiisha.

Jumamosi ya pili walitoka sare, moja moja. Mghoi alijibu kwa kunong'ona. Nyumba ya Jeddah ilikuwa kubwa, alisema, watu kumi na mmoja na wafanyakazi wawili, yeye na Mganda mmoja. Alinitumia ramani ya mahali ilipo, "in case". Kuhusu safari alisema amewakumbusha tarehe yake, na bibi mwenye nyumba hakujibu kitu.

Wiki hiyo bosi wangu akapata harusi ya jamaa zake Jeddah. Niliendesha gari kutwa nzima, moyo ukiruka. Sikumwambia Mghoi kwamba ninakuja. Nilitaka kumshtua: nisimame nje ya lile geti, nimpigie, nimwambie achungulie dirishani. Jumamosi alasiri bosi alinituma Balad, mji wa kale, kuchukua vitambaa vya mkewe, nikasubiri kati ya zile nyumba kuukuu za mawe ya matumbawe mpaka simu yangu ikazima chaji. Nilitumia muda huo kumnunulia baba redio. Ndogo, nyeusi, yenye eriali ndefu. Niliona Mghoi ataibeba kwenye mkoba wa mkononi.

Muuza chai mmoja, Msudani, alinichajia simu. Ilipowaka, jua lilikuwa limeshatua, na mambo mawili yaliingia pamoja. La kwanza, Kengele wamefungwa tatu bila. La pili, ujumbe wa Mghoi wa neno moja: "Tumefungwa."

Nilikasirika. Niliikasirikia timu, ninyi wenzangu, nilikaa pale na chai yangu nikiwalaani mabeki wa Kengele. Nikamjibu: "Pole dada. Tatu bila, aibu tupu. Tutalipiza Jumamosi." Sikumpigia. Nilijiambia ameshayaona matokeo mwenyewe, sina cha kumsomea. Kisha bosi akapiga simu, "Yalla, tunaondoka alfajiri," na ule mpango wangu wa kusimama getini ukafa. Sikuhuzunika sana. Wiki mbili tu, niliwaza, atarudi Riyadh. Asubuhi yake tulipita tena barabara ya Balad ambayo, kwa ile ramani, ilikuwa dakika kumi na tano kutoka alipokuwa.

Katikati ya wiki sikumsumbua, maana katikati ya wiki hatukuwa na desturi ya kupigiana. Jumamosi ya nne, mechi ya mwisho, Kengele walihitaji ushindi tu ili wabaki. Wakafunga dakika za majeruhi. Nilirukaruka kwenye chumba cha Wafula kama kichaa, naye akaniachia, hata akacheka nami. Nikampigia Mghoi, nimeshaiweka tayari sauti ya yule mzee. Nikajibiwa na mwanamke wa mtambo, kwa Kiarabu, kwamba simu imezimwa. Mara ya pili hivyohivyo, na mara ya sita.

Nikafungua Watsapu nimwandikie. Hapo ndipo nilipoona kwamba jibu langu la wiki iliyopita lina tiki moja. Halikumfikia. Na juu yake, pembeni ya lile neno lake moja, saa. Aliandika saa kumi na moja na dakika ishirini. Mechi ilianza saa kumi na moja kamili. Bao la kwanza la kufungwa siku ile liliingia kipindi cha pili.

Nilimpa Wafula simu. Akasoma, akaangalia saa, na akaketi. "Mwakio," akasema, "huyu hakuwa anaongea mpira."

Bosi nilimkuta anakula. Nilimweleza kwa Kiarabu changu kibovu, akaacha kula. Kwa nini hukuniambia tukiwa kule, aliniuliza, ningekwenda kubisha mlango mimi mwenyewe, wangenifungulia. Alipiga simu Jeddah, hawakupokea. Tukaenda kwa madam wa Mghoi, na mlinzi wake akatuambia kutoka kwenye tundu la geti: mafi, hakuna mtu, familia imesafiri. Siku alipopatikana, madam alimjibu bosi kwa upole kabisa kwamba mama yake amemzoea yule msichana, na mkataba wameshauongeza. Halas, yameisha. Nilikwenda ubalozini, nikajaza fomu, nikarudi, nikajaza tena zilezile. Bosi aliniendesha yeye mwenyewe mara mbili, mimi nimekaa kiti cha abiria, nikitazama vidole vyangu.

Mwezi wa nane baba akafariki, akiita jina lilelile. Nilirudi kumzika. Redio nyeusi nilikuja nayo mimi.

Mghoi alirudi baada ya miaka miwili na ushee, amekonda, meno mawili hana. Habari ya msiba alikuwa amepewa kwa kuchelewa miezi mitatu, akiwa anapiga pasi. Hakunilaumu. Nilitamani anilaumu. Ilichukua muda mrefu kabla sijathubutu kumuuliza kuhusu siku ile, na alinijibu akichambua maharage, bila kuinua macho.

"Nilikuwa nimewaambia nataka kwenda kwa baba. Wakafunga geti, wakafunga na mlango wa jikoni, kijana wao akawa anakuja kuchukua simu zetu. Nikaandika neno moja tu, ndilo nililowahi. Kisha nikakaa dirishani kukungoja, maana ramani ulikuwa nayo."

"Nilidhani ni mechi, dada."

"Najua. Nilikuja kujua baadaye ilikuwa Jumamosi." Akatupa harage moja lililooza. "Ungenipigia hapohapo, Mwakio, ungemkuta yule kijana bado yuko kwenye ngazi. Ungenisikia sauti tu, ungejua." Saa ile simu yangu ilikuwa imezima chaji kule Balad, na hilo sijamwambia mpaka leo.

Sasa tunaishi jirani, watoto wake na wangu wanakulia ua mmoja. Jumamosi wanajazana kwangu na simu zao, kila mmoja timu yake, na siku moja haipiti bila mmoja kupiga kelele, "Tumefungwa!" huku wengine wakimcheka. Mghoi huinuka, huenda kuutazama mlango, kisha hurudi kukaa. Watoto hawajui. Wanaandikiana ujumbe wakiwa chumba kimoja, na mimi huwafokea, nao huniona mzee wa kale anayechukia simu.

Siichukii simu. Zamani tulikuwa na redio moja iliyokatakata, na dada yangu aliweza kujua kwa sauti ya Mzungu aliye mbali kule kwao kama tumeshinda au tumefungwa. Mimi nilikuwa dakika kumi na tano kutoka alipo, na simu yenye chaji mkononi, nikaandika "pole".