Tanuru Lililotolewa Nje

Eliezeri hakuwa mtu wa kutulia. Hata chakula alikula amesimama, na mavuno ya mwaka 1976 pale Rujewa yalimzidishia haraka. Masunga, mfugaji aliyegeukia mpunga, alikuwa amemwagiza miundu ishirini ya kuvunia. Ikifika Jumamosi haijawa tayari, angekwenda kununua ya dukani Mbeya, na majirani zake wote wangemfuata huko. Mhunzi akikosa kazi ya mavuno, afunge tu kibanda.

Tatizo lilikuwa moto. Tanuru lake, pipa lililokatwa nusu na kukandikwa udongo ndani, lilikula makaa gunia kwa gunia na bado chuma hakikuiva vizuri. Ndipo akapanda lori hadi Iringa, akarudi na kopo la dawa nyeupe ya tanuru, unga wa kukoroga na maji. Muuzaji alimwambia kwamba ukiupaka ndani, joto halipotelei ukutani, linarudi kwenye chuma. Ila apake nyembamba, aache ikauke siku tatu. Hilo la siku tatu liliingia sikio hili likatokea la pili.

Alipaka Jumatatu jioni, nene kama lipu ya zahanati, na asubuhi akawasha. Mara dawa ikapasuka, ikadondokea makaa vipande vipande. Nusu kopo imekwenda! Eliezeri alitupa koleo, akazunguka kibanda akijitukana kwa Kinyakyusa.

Ikupa, mkewe, alisimama nje, hatua mbili kutoka mlangoni. Mwisho wake ulikuwa hapo. Miaka kumi na moja ya ndoa hajakanyaga ndani, maana marehemu baba mkwe, aliyemrithisha Eliezeri kazi, alikataza: mwanamke akiingia kwa mhunzi, chuma kinagoma.

"Baba Damari, hivyo sivyo watu wanavyosiriba," alisema. "Unalowanisha ukuta kwanza. Unapaka kwa kitambaa, mara moja, unaacha."

"Kibandani huingii."

"Nani kaomba kuingia?"

Eliezeri alijua kuwa hakuna nyumba Rujewa iliyosiribwa vizuri kuliko yao, na kujua huko kulimuuma. Alitazama kopo, akatazama mlango. Kisha akamwaga makaa, na pipa lilipopoa akalikumbatia, akaliburuta huku anahema mpaka jikoni kwa Ikupa.

"Wewe hujaingia," alisema. "Ni tanuru limetoka."

Ikupa hakucheka. Alilowanisha, akapaka utando mwembamba, akafunika kwa gunia, akakaa kando kwenye kigoda. Eliezeri alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Kila saa aliuliza, "Bado?" Na kila saa akajibiwa, "Bado."

Ijumaa alilirudisha, akawasha, akavuta mivukuto. Chuma kikaiva mpaka kikawa cha manjano, kwa nusu ya makaa ya siku zote. Alifua kutwa nzima na kesho yake tena. Masunga alipoingia, mundu wa kumi na tisa ulikuwa unapoa. Akainama, akachungulia tanuru.

"Hii kitu nani amekupakia, fundi?"

Nyundo ikasimama hewani. Eliezeri aliogopa. Akisema kweli, huenda Masunga akaiacha miundu yote pale pale. Akidanganya, Ikupa yuko nje, anasikia.

"Mke wangu," alisema.

Masunga alijaribu makali kwa kidole gumba. "Na huko shambani kwangu wataishika nani? Wake zangu. Malizia hiyo ya mwisho."

Eliezeri aliweka nyundo chini, akaenda mlangoni, akasimama pembeni.

"Mama Damari, ingia uone moto wako."

Ikupa alikitazama kizingiti kwa muda. Kisha akavua kandambili zake, akaingia.